Mshipa wa Kunusia: Mlinzi Tuliyemsahau



Kila mara tunahimizana kupima macho, sukari na shinikizo la damu, na hayo ni mema. Lakini hatujapata kumsikia mtu aliyekwenda zahanati kwa ajili ya pua yake, ila iwe imeziba au inatoka damu. Mtu akipungukiwa na nuru ya jicho moja jamaa wote hukusanyika; akipoteza uwezo wa kusikia harufu hukaa kimya, pengine miezi, pengine miaka, na walio nyumbani mwake wasijue. Kwa hiyo tumeona yafaa katika toleo hili tuuzungumze mshipa wa fahamu uitwao mshipa wa kunusia: jinsi unavyofanya kazi, jinsi unavyogusa afya na furaha zetu, na kwa nini sisi tunaoishi hapa Cato Manor tuna sababu za pekee za kuujali.

Lugha yetu yenyewe yaonyesha kwamba wazee waliifikiri sana habari hii. Kiswahili hakisemi tu kwamba mtu ananusa. Husema anasikia harufu, kama vile asikiavyo sauti, kwa maana harufu huja yenyewe bila kuitwa. Kisha tukatofautisha kunukia na kunuka, yaani herufi moja tu ikatenga uzuri na ubaya. Tuna vumba na shombo kwa samaki, uvundo kwa kilichofungiwa, kikwapa kwa jasho. Watu wenye maneno mengi namna hii hawakuwa wakiidharau pua.

Sasa tuingie ndani ya pua yenyewe. Wataalamu wa tiba huhesabu jozi 12 za mishipa ya fahamu inayotoka ubongoni moja kwa moja, na huu wa kunusia ndio wa kwanza katika hesabu yao. Juu kabisa katika tundu la pua, mahali ambapo kidole hakifiki, pana kipande cha utando chenye ukubwa wa stempu ya barua au pungufu. Ndani yake mna chembe hai za kunusia, mamilioni kadhaa, na kila moja ina vinyweleo vilivyozama katika ute. Tukivuta pumzi, vipande vidogo mno vya kitu kinachonukia, visivyoonekana kwa jicho, hunaswa na ute ule na kugusa vinyweleo. Nyuzi za chembe hizo hupanda juu kwa kupenya mfupa mwembamba wenye matundu madogo madogo kama chekeche la unga, na papo hapo juu ya mfupa huo umelala ubongo.

Muundo huu una faida na hasara. Faida yake ni kwamba chembe za kunusia ni miongoni mwa chembe chache za fahamu ambazo mwili huzifanya upya katika maisha yote, na kwa sababu hiyo aliyezipoteza aweza kupata nafuu. Hasara ni kwamba nyuzi zile ni nyembamba mno. Mtu akipigwa kichwa, katika ajali ya teksi au mkononi mwa wanyang'anyi, ubongo hutikisika na nyuzi zaweza kukatika palepale mfupani. Huamka akashukuru Mungu kwamba amepona, na wiki mbili baadaye hugundua kwamba chai haina harufu.

Kwa muda mrefu haikujulikana ni vipi pua hutambua harufu nyingi kiasi hiki. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamegundua jamii kubwa ya jeni zinazotengeneza vipokezi vya harufu, na mwaka 2004 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa pamoja, na mchanganyiko wao ndio unaosomwa na ubongo, kama vile herufi chache za alifu-be-te zinavyotosha kuandika vitabu vyote.

Jambo ambalo sisi tumelistaajabia zaidi ni njia ambayo habari hizo hupitia. Mambo tuyaonayo na tuyasikiayo kwa masikio hupita kwanza katika kituo kimoja cha katikati ya ubongo, mfano wa tarishi anayepokea barua na kuzigawa. Harufu haipiti kwa tarishi huyo. Huingia moja kwa moja katika sehemu zinazoshughulika na hofu, mapenzi na kumbukumbu. Ndiyo maana mtu aweza kupita dirisha la jirani, akasikia harufu ya nazi inayochemka, akajikuta machozi yanamlengalenga kabla hajajua ni nazi.

Hayo si mageni kwa Mwislamu. Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Yusuf, yatusimulia kwamba msafara ulipoondoka Misri na kanzu ya Yusuf, baba yake, Yaaqub (A.S.), aliyekuwa mbali na ambaye macho yake yalikwisha kupofuka kwa huzuni, aliwaambia waliokuwa naye kwamba anaisikia harufu ya mwanawe. Mtume wetu (S.A.W.) aliyapenda manukato na akahimiza kuyapaka siku ya Ijumaa, na aliyekula kitunguu saumu kibichi alimkataza asiukaribie msikiti mpaka harufu imwishe, ili asiwaudhi wenzake. Dini yetu iliitambua harufu kuwa ni haki ya jirani.

HARUFU NA MOYO

Tumeulizwa mara nyingi na akina mama kwa nini watoto waliozaliwa hapa hawaoni raha ya vitu tunavyoviona sisi. Pua yatoa jibu mojawapo. Watafiti waliowauliza watu wazima juu ya kumbukumbu zao wamekuta kwamba zile zinazoamshwa na harufu aghalabu ni za miaka 10 ya kwanza ya maisha, ilhali zile zinazoamshwa na maneno au picha ni za ujanani. Uhusiano huo huanza mapema ajabu: uchunguzi uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1975 ulionyesha kwamba mtoto mchanga wa siku chache tu huelekeza kichwa chake kwenye kitambaa kilichogusa titi la mama yake kuliko cha mama mwingine.

Basi mtoto wa Cato Manor anaweka akiba yake ya harufu sasa hivi, na akiba hiyo si yetu. Karafuu ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Mtu aliyekulia Pemba akiisikia karafuu humjia majamvi yaliyoanikwa uani na shangwe ya msimu. Lakini yujino, iliyomo kwa wingi katika mafuta ya karafuu, hutumiwa na madaktari wa meno katika dawa za kuzibia, na mtoto wetu aliyeijua karafuu kwa mara ya kwanza akiwa amekaa katika kile kiti, mdomo wazi, moyo wake hupiga mbio kila aisikiapo. Harufu ni ileile moja. Mshipa ni uleule mmoja. Kilichotofautiana ni siku ilipoingia. Anayetaka mtoto wake aipende karafuu amwekee mapema katika pilau na chai, siku za furaha, kabla ya daktari wa meno kumtangulia.

Tunalisema hili kwa sababu kuna upande wake wenye uchungu. Baadhi ya watoto wetu wamerudi kutoka shuleni wakisema wameambiwa kwamba wananuka: mara ni udi uliokaa katika sare, mara ni samaki wa jana. Wengine wameanza kukataa chakula cha nyumbani. Tukumbuke kwamba kuwaambia watu wananuka ni silaha ya zamani katika mji huu, na Cato Manor yenyewe iliionja. Katika miaka ya 1950 zaidi ya watu laki moja waliishi katika vibanda vya bonde hili, ambalo wenyewe waliliita Umkhumbane kwa jina la kijito chake, na wakuu wa jiji walieleza kwamba ni mahali pachafu panapohatarisha afya. Badala ya kuwaletea maji na mabomba ya taka, kuanzia mwaka 1958 waliwahamisha kwa nguvu kwenda KwaMashu na kwingineko; na Wahindi waliokuwa wakilima mboga na matunda hapa kwa vizazi kadhaa waliondolewa vilevile, wengi wao wakapelekwa Chatsworth. Mwandishi Ronnie Govender, aliyezaliwa Cato Manor mwaka 1934, alitunga hadithi juu ya maisha hayo. Miembe waliyoipanda ilibaki imesimama penye nyumba zilizobomolewa.

Kwa hiyo mtoto akirudi na neno hilo asikaripiwe wala asichekwe. Aelezwe kwamba pua ya kila mtu huzoea harufu ya kwao hata ikawa haiisikii, na kwamba yule aliyemcheka naye ana harufu ya kwao asiyoijua. Kisha, kwa upande wetu, sare za shule zisitundikwe jikoni wala chumba kinachofukizwa. Hilo laweza kufanywa leo, na halimpunguzii mtu heshima ya kwao.

MLINZI WA MLANGONI

Sasa tuje kwenye afya ya mwili, na hapa tunaomba tusomwe kwa makini, hasa na wale wenye vyumba vya kupanga ambamo jiko na kitanda vimetenganishwa na pazia tu.

Gesi ya mitungi kwa asili yake haina harufu ya kumshtua mtu. Harufu ile mbaya, kama yai viza au kabichi iliyooza, hutiwa kiwandani makusudi ili pua itupigie kelele. Basi aliyepoteza uwezo wa kunusa analala na mtungi unaovuja asijue. Wengi wetu tuliingia katika gesi wakati wa kukatwakatwa kwa umeme, hasa katika miaka ya 2022 na 2023, na wengine tulinunua mitungi na mipira ya mitumba. Mpira upimwe kwa povu la sabuni: penye kuvuja patatoa mapovu. Harufu ikisikika, funga mtungi, fungua milango, toa watoto nje, wala usiwashe taa wala kuizima. Gesi hii ni nzito kuliko hewa; hutambaa chini sakafuni, mahali wanapolala watoto kwenye magodoro.

Mafuta ya taa yana harufu inayojulikana na kila mtu, lakini mtoto wa miaka miwili mwenye kiu na mafua haisubiri pua. Sumu ya mafuta ya taa ni miongoni mwa sumu zinazowapata watoto wengi katika nchi hii, na sababu kubwa ni kuyatia katika chupa za soda. Yatiwe katika chombo ambacho hakijapata kuwa cha kinywaji. Mtoto akiyanywa asitapishwe, kwa kuwa katika kutapika mafuta huingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Na jiko la mkaa, ambalo majirani zetu huliita imbawula, ndilo linalotutisha kuliko yote. Moshi wake tunausikia na tunaukimbia. Lakini makaa yakishashika na moshi ukaisha, hutoka hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, nayo haina harufu hata kidogo. Hapa pua nzima haina faida na pua mbovu haina hasara, kwa sababu hapana cha kunusa. Mtu huona kichwa kizito, husinzia, asiamke. Katika majira ya baridi watu huliingiza ndani jiko likiwa jekundu, zuri, lisilo na moshi, wakidhani sasa limekuwa salama, ilhali ndio wakati wake wa kuua. Lisilale ndani ya chumba chenye watu hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo.

Kuna na hatari ya polepole. Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika KwaZulu-Natal na kubomoa nyumba hata hapa Cato Manor, yaliziacha kuta nyingi zikiwa na unyevu. Ukuta wa namna hiyo huota kuvu, na kuvu huleta kikohozi na kuamsha pumu. Harufu yake ni ya udongo mbichi na nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Tatizo ni kwamba pua huchoka: harufu isiyokoma husahauliwa na ubongo katika dakika chache, na mwenye nyumba huwa wa mwisho kuijua harufu ya nyumba yake. Dawa ni nyepesi. Toka nje kutwa nzima, kisha ukirudi simama mlangoni uvute pumzi moja ya kwanza. Hiyo ndiyo itakayokwambia kweli. Au muulize mgeni, na umwambie asikuonee haya.

Wanaoishi kusini mwa jiji hawahitaji kuelezwa juu ya hewa. Kwa miongo mingi vitongoji vya Wentworth, Merebank na Bluff vilikaa katikati ya viwanda viwili vya kusafisha mafuta na kiwanda cha karatasi, na harufu ya salfa ilikuwa sehemu ya maisha yao. (Huko Bluff, mahali paitwapo Kings Rest, ndiko walikoishi Wazanzibari wa Durban, watu walioachiliwa huru kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa hapa kuanzia mwaka 1873, wengi wao wakiwa Wamakua, mpaka walipohamishiwa Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Habari zao zastahili makala yake peke yake.) Wazazi wa Merebank walilalamika miaka na miaka kwamba pua zao zinawaambia jambo. Hatimaye uchunguzi wa kitaalamu uliofanywa katika shule ya msingi ya Settlers, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2002, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi waliopimwa walikuwa na pumu ya kiasi fulani. Harufu peke yake si ushahidi, lakini ni sababu ya kudai ushahidi, na wale wazazi walifanya hivyo. Kiwanda kimoja kilisimama baada ya mlipuko wa Desemba 2020, cha pili kilisimamisha kazi mwaka 2022.

Tukizungumza pumu hatuwezi kukwepa vyetezo vyetu wenyewe. Udi na ubani ni fahari ya nyumba ya Kiislamu, hasa jioni ya Alhamisi, nasi hatusemi viachwe. Lakini moshi ni moshi hata ukinukia. Huko Oman, ambako wako ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili, utafiti juu ya wanafunzi, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba ufukizaji haukuwa chanzo cha pumu, ila kwa watoto ambao tayari wana pumu moshi huo mara nyingi huwaamshia mkoromo wa kifua. Vyumba vya kule ni vipana na vyetu ni vyembamba. Nyumba yenye mtoto wa pumu ifukizwe wakati mtoto hayupo, madirisha wazi, na arudi moshi ukishatoka. Harufu itabaki katika mapazia, nayo ndiyo tuliyokuwa tukiitaka. Au yatumike marashi na asumini, visivyohitaji moto.

PUA INAPOKUFA

Mafua makali, uvimbe wa ndani ya pua, pigo la kichwa, uvutaji wa sigara na uzee, vyote hupunguza uwezo wa kunusa. Katika mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoingia nchini humu, dunia nzima ilijifunza jambo hili kwa nguvu. Wataalamu walikuja kuona kwamba kirusi kile kilishambulia hasa chembe zinazozitegemeza chembe za kunusia, si zenyewe, na ndiyo maana wengi walipata nafuu baada ya wiki chache. Wengine hawakupata mpaka sasa. Na wengine pua zilirudi zimepotoka: kahawa ikawa kama mpira uliounguzwa, kitunguu na nyama vikawa kama uozo. Hali hiyo yasumbua sana, ingawa mara nyingi ni dalili kwamba mshipa unajijenga upya.

Tumesikia nyumba zikigombana kwa sababu hii. Mzee asema mke wake hajui tena kupika, pilau haina ladha, akaongeza chumvi ambayo daktari alimkataza. Kumbe ulimi hujua uchungu, utamu, ukali wa ndimu, chumvi na kolezo la mchuzi tu, na yote mengine tuyaitayo ladha ni kazi ya pua. Bibi alaumiwa kwa jambo lililo puani mwa bwana. Kadhalika wengi waliopoteza kunusa huingiwa na huzuni, hupungua mwili, na huogopa kukaa na watu wakidhani kwamba wananuka jasho bila kujijua. Hawatii chumvi katika maneno yao. Uhusiano kati ya kupotea kwa harufu na unyong'onyevu wa moyo umethibitishwa mara nyingi. Kwa mtu wa ugenini ni mzigo juu ya mzigo, kwa kuwa harufu ya chakula cha kwao ilikuwa ndiyo safari yake pekee isiyotaka pasipoti.

Wazee waangaliwe zaidi. Kupungua kwa kunusa kwaweza kutangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, na huonekana pia katika magonjwa ya usahaulifu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa habari za watu wazima zaidi ya 3,000, wa umri kati ya miaka 57 na 85, waliopimwa pua kwa harufu tano. Katika miaka mitano, miongoni mwa walioshindwa kunusa kabisa walikuwa wamekufa asilimia 39, na miongoni mwa waliokuwa wazima asilimia 10. Pua haimwui mtu, na ajali yake ameiandika Mwenyezi Mungu. Lakini yaonekana pua hueleza mapema jinsi mwili ulivyochakaa, na mzee asiyesikia harufu yafaa apimwe mwili mzima.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Mfumbe mtu macho, ziba tundu moja la pua, kisha mkaribishie kahawa ya unga, halafu iliki iliyopondwa, halafu ganda la chungwa. Rudia kwa tundu la pili. Msitumie dawa ya kuchua, pilipili wala amonia, kwani ukali wa vitu hivyo husikiwa na mshipa mwingine wa uso, hata asiyenusa kabisa atapiga chafya na mtadhani ni mzima. Akishindwa, aende zahanati. Hospitali kuu ya Inkosi Albert Luthuli, iliyofunguliwa mwaka 2002 hapa hapa Cato Manor, hupokea wagonjwa wanaotumwa kwa barua, basi hakuna faida ya kwenda kupanga foleni langoni kwake. Aanzie zahanati, na aseme waziwazi kwamba hasikii harufu, tangu lini, na kama aliumwa au alipigwa kichwa kabla yake.

Juu ya mafuta ya kunusa yauzwayo kwa maneno mengi, kwamba hili huondoa wasiwasi na lile huponya sukari, rai yetu ni kwamba harufu nzuri hutuliza moyo kwa muda, na hilo si haba. Kuponya sukari ni maneno ya sokoni.

Lakini lipo zoezi lenye ushahidi, na ajabu ni kwamba dawa yake imo katika makabati yetu. Mwaka 2009 Profesa Thomas Hummel wa Dresden, Ujerumani, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya kunusa harufu nne: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mara mbili kila siku kwa wiki 12. Waliofanya walipata nafuu kuliko wasiofanya, ingawa si wote. Karafuu na maji ya waridi hupatikana katika maduka ya viungo ya mjini, kando ya mtaa uliokuwa ukiitwa Grey Street na ambao sasa ni Dr Yusuf Dadoo Street. Mafuta ya mkaratusi yako katika duka lolote la dawa. Limau lipo kila genge. Kila kimoja kitiwe katika kichupa chake chenye kifuniko. Mgonjwa akae kimya, anuse kimoja kwa muda wa kuhesabu hadi 10, kwa pumzi fupi fupi, huku akiikumbuka harufu yake ilivyokuwa, apumzike kidogo, kisha aende cha pili. Asubuhi na jioni. Katika Ramadhani, kabla ya daku na baada ya futari. Limau libadilishwe kila baada ya siku chache na karafuu zipondwe upya zikianza kufifia, na mwenye pua nzima ndiye azinuse kuhakikisha, kwani mgonjwa mwenyewe hawezi kujua. Atakayeanza aandike tarehe kwenye kalenda ya ukutani, maana wiki 12 ni ndefu kuliko zinavyodhaniwa, na wengi huacha katika wiki ya tatu, kabla mshipa haujapata nafasi ya kuota.